SOMO: Kupiga kazi msimu wa kaskazi kwenye ofisi ya feni (Dar na pwani nzima)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila mwaka kaskazi ikishaanza kuvuma, kuanzia Disemba hadi Machi, inbox inajaa swali moja: "Mchana akili haikai, kazi hazitoki, nifanyeje?" Nimelijibu mara nyingi, kwa vipande. Leo naliandika lote, na kuanzia sasa atakayeuliza nitamleta hapa. Somo ni la wenye ofisi ndogo, steshenari, wakala wa pesa, mafundi cherehani na wanaofanyia kazi nyumbani. Nazungumzia chumba chenye bati juu na feni moja au mbili.

Kwanza tumjue adui. Mchana wa Januari Dar hucheza kwenye nyuzi 32 hivi. Kuna miji mingi duniani yenye joto kali kuliko hilo na watu wanafanya kazi vizuri. Kinachotuchosha ni unyevu. Mwili unajipoza kwa jasho kukauka, na hewa iliyokwisha kushiba maji haikaushi jasho. Usiku nao haushuki sana, unabaki kwenye 25 hivi, kwa hiyo mtu anaingia kazini hajalala. Hatua zote hapa chini zina malengo mawili: hewa ipite kwenye ngozi, na usiongeze joto wala unyevu chumbani.

Hatua ya 1: Panga kazi kwa saa.
Kazi ya kichwa iwe kati ya saa moja na saa tano asubuhi: hesabu, mikataba, kuandika, kukata kitambaa cha mteja. Saa saba hadi saa kumi fanya za mkono: kupanga faili, kupiga simu, kufuatilia madeni, kupokea mzigo. Ritani ya VAT ya tarehe 20 usiisogeze alasiri ya tarehe 19. Tarakimu zilizoingizwa saa nane mchana zipitie upya kesho yake asubuhi kabla hazijatoka nje ya ofisi.

Hatua ya 2: Meza isikae kwenye dirisha la magharibi.
Kivuli kiwekwe nje ya dirisha: turubai, jamvi au makuti. Pazia la ndani linazuia mwanga, lakini joto linakuwa limeshapita kwenye kioo. Na kumbuka Disemba na Januari jua la adhuhuri huku kwetu limeinamia kusini, kwa hiyo ukuta wa kusini nao unahitaji kivuli.

Hatua ya 3: Ufungulie upepo njia.
Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki. Fungua dirisha la upande huo na jingine la upande wa pili. Dirisha moja pekee halitoshi, upepo unaingia tu pale unapopata pa kutokea. Feni ya kusimama iwe mita moja na nusu hadi mbili kutoka ulipo, ikupige kifuani na mikononi. Feni haipozi chumba, inapoza mtu. Ukitoka izime, maana mota yake nayo inatoa joto.

Hatua ya 4: USIONGEZE MAJI HEWANI.
Hapa ndipo wengi tunapoharibu, nami nikiwemo, kwa hiyo soma taratibu. Mtu anatundika khanga mbichi dirishani, anaweka ndoo ya barafu mbele ya feni, au ananunua feni ya maji kwa laki kadhaa. Nusu saa ya kwanza anasikia ubaridi. Baada ya hapo chumba kinakuwa kama jikoni kwenye sufuria ya wali, na watu wanachoka kuliko mwanzo.

Sababu ni hii. Maji yanapoza yanapokauka, na yanakauka vizuri kwenye hewa kavu. Dodoma au Singida wakati wa ukavu, khanga mbichi dirishani inafanya kazi kweli. Dar, Tanga, Unguja na Mombasa hewa imeshashiba, kwa hiyo unapata ubaridi kidogo na unyevu mwingi, na unyevu huo unazuia jasho lako. Barafu nayo ipigieni hesabu: kilo moja ikiyeyuka yote inanyonya joto ambalo kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 kinaliondoa kwa dakika mbili tu. Tena friji iliyoigandisha, kama imo chumba hicho hicho, imeshatoa joto zaidi ya hilo kwa nyuma.

Hasara nyingine zinafuata. Karatasi zinajikunja na kukwama kwenye mashine ya fotokopi, mafaili yanaota ukungu, vitambaa vinanuka uvundo. Madirisha yakiwa yamefungwa, ndiyo balaa kabisa.

Badala yake lowesha mtu, usiloweshe chumba. Nawa mikono hadi viwiko, lowesha shingo na uso, kisha kaa mbele ya feni madirisha yakiwa WAZI ili hewa yenye maji itoke. Rudia kila saa. Aliyekwisha nunua feni ya maji aitumie bila maji, ni feni ya kawaida.

Hatua ya 5: Wenye AC.
Weka 25 au 26 na uwashe feni ya kawaida sambamba. Kwa AC ya kawaida isiyo ya inveta, kuweka 16 hakuharakishi ubaridi. Kompresa ni ile ile, inachelewa tu kupumzika, na luku inakwenda. Funga madirisha. Chujio lioshwe kila wiki mbili.

Hatua ya 6: Maji ya kunywa.
Kidogo kidogo kutwa nzima. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa. Kwa kazi nzito ya juani ni kikombe kimoja (robo lita) kila dakika 15 hadi 20, ila usizidishe lita moja na nusu kwa saa. Ukitoka jasho jingi kwa saa kadhaa, ongeza chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote bapa. Usikisie chumvi kwa mkono, ikizidi ina madhara. Dafu nalo ni zuri.

Hatua ya 7: Chakula cha mchana kiwe nusu ya unachokula Julai. Kilichobaki kula jioni.

Hatua ya 8: Kompyuta.
Nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Ikipata joto inajipunguza kasi yenyewe, mtu anadhani ni virusi. Isikae kwenye mto wala kitambaa. Inyanyue kwa nyuma sentimita mbili na usafishe vumbi la matundu.

Hatua ya 9: Usingizi. Neti inapunguza upepo, lakini usiivue. Sogeza feni karibu na neti.

TAHADHARI: Kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza: acha kazi, kivulini, maji. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo au kuzimia na mwili ni wa moto, hiyo ni dharura. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mumkimbize hospitali huku mkiendelea kumpoza. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Maswali karibuni.

---

Kibo10: Mkuu somo zuri. Sasa AC niweke ngapi?

Mtoa somo: Hatua ya 5.

Kibo10: Nimeona. Ila fundi kaniambia 18.

Mtoa somo: Muulize fundi kama luku analipa yeye. 25 na feni. Chumba kikikataa kupoa hapo, ama chujio limeziba, ama gesi imepungua, ama AC ni ndogo. BTU 9,000 ni ya chumba cha mita tatu kwa nne hivi.

JembeMpya: Hatua ya 4 si kweli. Mimi feni ya maji ninayo mwaka wa pili na ofisi inapoa vizuri sana. Msiwatishe watu.

Mtoa somo: Ofisi iko wapi?

JembeMpya: Dodoma, Area C.

Mtoa somo: Soma tena hatua ya 4, aya ya pili. Nimeitaja Dodoma kwa jina.

Ummu Swafiya: Assalam alaykum kaka. Miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya kaskazi yenyewe. Hatua ya 6 kwetu haiwezekani mchana. Mwenye kufunga na yuko ofisini hadi saa kumi na moja afanyeje?

Mtoa somo: Waalaykum salaam dada. Swali zuri sana, nilipaswa kuliweka juu. Mosi, maji usiyafungie daku: ukinywa lita mbili kwa mpigo mengi utayakojoa kabla ya saa tatu. Yagawe tangu futari, vikombe viwili wakati wa kufuturu, kisha kimoja kila saa hadi ulale, na viwili daku. Pili, daku iwe na vyenye maji: uji, tikiti, matango. Punguza achari, samaki wa chumvi na chai ya rangi nyingi. Tatu, omba kwa mwajiri uingie saa moja na utoke saa tisa bila mapumziko ya chakula, wengi wanakubali mkiwahi kuongea kabla ya mwezi kuandama. Kazi ngumu zote ziishe kabla ya adhuhuri, na baada ya swala lala dakika 20. Udhu wenyewe ni hatua ya 4 tayari: usijifute, kaa mbele ya feni. Na dalili za kwenye tahadhari zikitokea, mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine.

Ummu Swafiya: Allah akulipe. Hilo la kutojifuta sikuwahi kulifikiria.

Sindano na Uzi: Sisi wa cherehani feni inapeperusha vitambaa, hasa shifoni. Tukizima tunaloa jasho na kitambaa kinapata madoa.

Mtoa somo: Iweke chini, nyuma yako upande mmoja, ikupige mgongoni na miguuni. Mwili wako unakuwa kizuizi, meza inabaki shwari. Shifoni na satini zikatwe asubuhi, mchana shona kitenge na suruali. Pasi nayo ihamie asubuhi au barazani, ile ni jiko kabisa.

Mzee wa Matrah: Niko Muscat, kazi za ujenzi. Huku joto linakuwa Juni hadi Agosti. Sheria inatupumzisha juani saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu. Nimerudi juzi kutoka likizo Tanga, siku ya kwanza nimechoka kama sijawahi kufanya kazi. Kuna sababu?

Mtoa somo: Ipo, kaka. Mwili unazoea joto kwa siku kadhaa: unaanza kutoka jasho mapema na kupoteza chumvi kidogo. Ukikaa mbali na joto zaidi ya wiki, mazoea yanapungua. Mzoefu anayerudi anashauriwa nusu ya kazi ya juani siku ya kwanza, asilimia 60 ya pili, 80 ya tatu, kamili siku ya nne. Mgeni kabisa aanze na 20 na kuongeza 20 kila siku. Mwonyeshe msimamizi wako hesabu hiyo. Wenzetu wa Qatar katazo lao ni saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, Juni mosi hadi Septemba 15.

Chaji Moja: Feni ya dari yangu inazunguka polepole hata ikiwa namba 5. Ninunue nyingine?

Fundi Waya: Usinunue bado. Kama inaanza kwa kusukumwa na mkono, karibu kila mara ni kapasita. Zima swichi kuu, siyo ya ukutani tu. Fungua kikombe cha juu, soma namba iliyoandikwa, mara nyingi 2.5 mikrofaradi, na ununue namba ile ile. Wengine wanaweka kubwa ili ikimbie zaidi, mota inachemka na kuungua.

Mtoa somo: Asante fundi. Ongezea na la bati, wengi wameniuliza.

Fundi Waya: Bati likipakwa rangi nyeupe linarudisha jua jingi. Ukiweka dari, acha matundu ya kutokea hewa juu kwenye pembe za kenchi pande mbili, la sivyo joto linakaa humo hadi usiku. Matundu yazibe kwa wavu wa chuma, popo wasiingie.