Faili limepotelea wapi? Tumia Everything

Wadau, kama unatumia Windows na kila siku unahangaika kutafuta mafaili, shusha kiprogramu kinaitwa Everything, kipo voidtools.com, ni cha bure kabisa na ni kidogo hata MB chache tu. Kile kisanduku cha kutafutia cha Windows chenyewe mi nilishakiacha zamani, unaandika jina la faili unalolijua kabisa lipo halafu kinakuletea mambo ya intaneti, sa hayo nani kayaomba?

Everything inasoma majina ya mafaili yote kwenye diski, so ukianza tu kuandika herufi mbili tatu majibu yanatokea hapo hapo. Ila kwa kawaida inatafuta jina, sio maandishi yaliyomo ndani, hapo wengi wanakwama.

Utamu wake sasa: andika ext:pdf dm:today inakuletea PDF zilizobadilishwa leo tu, yaani ile uliyoidaunilodi asubuhi ukasahau umeisevu wapi. Diski ikijaa andika size:>1gb, utakutana na vile vivideo ulivyojua ulishavifuta. Usishushe kwenye masaiti mengine, huko unaweza kubebeshwa na vitu usivyovitaka.