Nzi mchanga na harufu ya nanasi: jaribio la ubongo, hatua kwa hatua

Nzi wa matunda anapotoka kwenye pupa (ganda ambamo buu hugeuka nzi), macho na papasi zake ziko tayari kufanya kazi, lakini ubongo wake bado unajipanga. Anachonusa katika siku mbili za mwanzo kinaweza kubadili umbo la nyuzi zake za neva. Wiki moja baadaye, harufu ileile haifanyi hivyo. Wanafunzi wengi huhangaikia hadubini, ilhali jaribio hili la kuonyesha jambo hilo huharibikia asubuhi ya kukusanya nzi. Ndiyo maana nitakaa sana hapo.

Harufu tunayotumia ni ethili butireti, inayonukia kama nanasi lililoiva. Kwa nzi mzima hupokewa na seli zenye kipokezi kiitwacho Or42a, zilizo kwenye vipapasi vya mdomoni. Ubongo wa nzi una vifundo vya harufu, yaani glomeruli, takriban 50 kila upande, na nyuzi za seli hizi huingia kwenye kifundo kimoja tu: VM7. Tumia nzi waliowekewa jeni za Or42a-GAL4 na UAS-mCD8::GFP (ya kwanza huwasha ya pili ndani ya seli za Or42a tu, na ya pili hutengeneza protini ya kijani) ili nyuzi hizo zing'ae kijani.

Hatua ya 1: Lea nzi kwa saa inayojulikana. Waweke kwenye 25°C, mwanga saa 12 na giza saa 12. Kutoka yai hadi nzi ni kama siku 10. Pupa walio karibu kutoka utawatambua: mabawa yanaonekana meusi kupitia ganda.

Hatua ya 2: Kusanya wachanga tu. Nzi wengi hutoka karibu na mapambazuko. Kama taa yako inawaka saa 1 asubuhi, saa hiyohiyo toa kila nzi mzima kwenye chupa, asibaki hata mmoja. Rudi saa 5. Utakaowakuta wana umri usiozidi saa 4.

Hata hivyo, usiamini saa peke yake. Walaze juu ya barafu, waangalie mmoja mmoja. Mchanga wa kweli amepauka, mabawa bado yamekunjamana kama karatasi iliyolowa, na tumboni, kupitia ngozi, kuna doa jeusi: uchafu wa tangu akiwa pupa ambao hajautoa. Mabawa hunyooka upesi, lakini doa hudumu kwa saa kadhaa. Ukikosa kuona doa, mwache huyo nzi. Ni afadhali ubaki na nzi 12 unaowajua kuliko 40 wa kubahatisha.

Hatua ya 3: Wape harufu. Changanya ethili butireti 25% na mafuta mepesi ya parafini. Tia mililita 1 kwenye kichupa kidogo, funika kwa wavu, kisha kiweke pamoja na chupa ya nzi (iliyofunikwa kwa wavu pia) ndani ya chombo kikubwa chenye kifuniko kisichopitisha hewa. Kundi la kulinganisha lipate mafuta matupu. Badilisha chakula na mchanganyiko kila baada ya saa 24, kwa siku 2.

Vyombo vya makundi haya mawili visikae kabati moja. Mimi niliwahi kuviweka pamoja, nikiamini vifuniko vimekaza. Nilipopima, nyuzi za makundi yote mawili zilikuwa zimepungua, na wiki tatu za kazi zikaenda. Ndizi mbivu au maembe ya mchana nayo yasiingie chumba hicho.

Hatua ya 4: Toa ubongo. Fanya kazi ndani ya maji ya chumvi yenye bafa, yaliyopoa, kwa vibano viwili vyenye ncha kali. Ukaze kwa dawa ya paraformaldehidi 4% dakika 30, osha mara tatu, kisha tia kingamwili nc82 (protini inayonata kwenye vifundo) usiku kucha kwenye 4°C, ikifuatwa na kingamwili ya pili yenye rangi, ili mipaka ya vifundo ionekane. Piga picha kwa hadubini ya konfokali, tabaka kwa tabaka.

Hatua ya 5: Pima. Chora mpaka wa eneo la kijani katika kila tabaka, jumlisha maeneo, zidisha kwa unene wa tabaka. Mwenzako abadilishe majina ya makundi kuwa namba kabla hujaanza, maana jicho linalojua linachotafuta hukiona.

Walionusa nanasi watakuwa na kijani kidogo ndani ya VM7. Seli zenyewe hazijafa. Zimepoteza sinapsi, yaani viungo vya kupashana habari na seli nyingine, na kurudisha nyuma nyuzi zao. Maabara ya Kendal Broadie huko Vanderbilt, Marekani, ilieleza haya mwaka 2019: harufu ikizidi, upungufu unazidi, na vipokezi vya NMDA, vinavyopokea ishara ya glutamati kati ya seli za neva, vinahitajika. Lakini usidhani kila harufu hupunguza. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kifundo cha V, kinachohisi kabonidioksidi, *hukua* nzi mchanga akiwekwa kwenye gesi hiyo.

Hatua ya 6: Usiruke kundi la wakubwa. Chukua nzi wa siku 7, wape harufu ileile hadi siku ya 9. Kwao VM7 inapaswa kubaki ilivyo. Bila kundi hili umeonyesha tu kwamba harufu kali hupunguza nyuzi, na hujaonyesha lolote kuhusu utoto.

Ukibakiwa na nzi, wachache wa kundi la nanasi wahamishie kwenye hewa safi mapema, kabla ya siku zile za mwanzo kwisha, uwapime baadaye. Nyuzi zao hurudi VM7.