Namna ya kutunza daftari la mabao ya timu ya taifa, kwa mfano wa Samuel Eto'o

Ubishi wa mabao kwenye vijiwe vya Kirumba na Makoroboi jijini Mwanza hauishi kwa sababu kila mtu ana jumla kichwani na hakuna mwenye orodha. Mmoja anasema Eto'o aliifungia Kameruni mabao 56, mwingine anaongeza moja au mawili, na huenda wote wawili wana haki: wamehesabu mechi tofauti. Kwa hiyo kazi ya daftari ni kuamua kwanza mechi ipi inahesabika. Mabao yatafuata yenyewe.

Tumemchukua Eto'o kwa sababu ndiye kinara wa mabao wa Kameruni, 56 katika mechi 118 kati ya 1997 na 2014, na kwa sababu mitego karibu yote ya kazi hii imo kwenye orodha yake. Ukiiweza orodha yake, utamweza Didier Drogba mwenye 65 za Ivory Coast, na hata Mrisho Ngassa wa Taifa Stars.

Nunua kauntabuku yenye jalada gumu. Simu ni nzuri, lakini jedwali la simu hufutika kwa kidole kimoja, na ubishi wenyewe mara nyingi huanza umeme umekatika. Tumia kalamu ya kawaida ya wino mzito. Ile ya wino wa maji huchuruzika daftari likikutana na mvua. Fungua kurasa mbili kwa pamoja zikae kama ukurasa mmoja mpana. Kushoto weka namba ya bao, tarehe, mji, mpinzani na dakika. Kulia weka matokeo yalivyokuwa mara tu baada ya bao hilo, matokeo ya mwisho, mashindano, aina ya bao, hadhi ya mechi, na nafasi mbili za vyanzo. Timu ya mchezaji wako iandikwe mbele siku zote, hata ikiwa imecheza ugenini. Usipofanya hivyo, miezi sita baadaye utaisoma 2-4 usijue nani alipigwa.

Namba ya bao iandikwe kwa penseli. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloharibu madaftari mengi: ukigundua bao la kirafiki la 2001 ulilolisahau, namba zote zinazofuata zinasogea. Kwa sababu hiyohiyo acha mistari mitatu mitupu kila mwisho wa mwaka.

Kisha weka hadhi. Herufi tatu zinatosha: K kwa mechi kamili ya timu ya wakubwa, S kwa isiyohesabika, M kwa yenye mgogoro. Usiache kuandika bao la S eti kwa kuwa halihesabiki. Liandike, kisha liache bila namba. Hapo ndipo mbishi wako atakapokuja na bao lake la ziada, nawe utamwonyesha kwamba unalo na sababu ya kulitoa unayo.

Mfano mzuri ni Sydney 2000. Kameruni ilichukua dhahabu ya Olimpiki mbele ya Hispania, Eto'o akifunga la kusawazisha katika sare ya 2-2 kabla ya matuta, yaani penalti za kuamua mshindi. Bao kubwa, medali ya kweli, lakini tangu 1992 soka ya wanaume ya Olimpiki ni ya vijana wa chini ya miaka 23, na tangu 1996 pamoja na wachache waliozidi umri huo. Ni S. Linganisha na bao lake lililoizamisha Brazili 1-0 kwenye Kombe la Mabara, Stade de France, 19/6/2003. Hiyo ilikuwa mechi ya wakubwa, ni K. Watu wengi huyaingiza yote mawili au kuyatoa yote mawili, kwa sababu yote yanaonekana ni ya "mashindano ya pembeni".

Matuta ya kuamua mshindi hayahesabiki kabisa, si kwa mfungaji wala kwa matokeo. Fainali ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2000 mjini Lagos inaandikwa Kameruni 2-2 Nigeria, na pembeni "matuta 4-3". Ukikuta mahali pameandikwa 6-5, achana na chanzo hicho moja kwa moja. Penalti ya ndani ya dakika 120 inahesabika kama bao lolote. Weka tu alama P kwenye safu ya aina.

Mechi ya marudio nayo ni mechi yake. Fainali ya 1974 kati ya Zaire na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa ikaisha 2-0, na Ndaye Mulamba alifunga mabao yote manne ya Zaire. Ukiibana mistari ya mechi hizo mbili kuwa mmoja, hutamfikisha kwenye mabao 9 ya mashindano yale, rekodi iliyobaki yake.

Mtego unaowanasa hata wazoefu ni wa mechi za kufuzu. Kwa Kombe la Dunia la 2006 na la 2010, mechi za Afrika zilikuwa pia za kufuzu AFCON ya mwaka huohuo. Mechi moja, malengo mawili. Chukua ile tunayoikumbuka kwa uchungu: Yaoundé, 21/6/2008, Kameruni 2-1 Tanzania, wiki moja baada ya sare ya 0-0 Dar es Salaam. Eto'o alifunga yote mawili, Danny Mrwanda akatufungia letu. Anayekusanya kwa kufuata mashindano atayakuta mabao hayo mawili kwenye orodha ya Kombe la Dunia, kisha atayakuta tena kwenye ya AFCON, na ghafla Eto'o ana manne. Dawa yake ni kupanga daftari kwa tarehe, si kwa mashindano. Tarehe moja, mechi moja. Kwenye safu ya mashindano andika "kufuzu KD/AFCON 2010".

Miaka ya AFCON yenyewe inachanganya. AFCON 2021 ilichezwa Januari na Februari 2022, na AFCON 2023 ikachezwa mwanzoni mwa 2024. Andika jina la mashindano lilivyo, lakini tarehe iwe ya siku mpira ulipochezwa.

Kwa mechi za kirafiki za kuanzia 2004, angalia idadi ya wachezaji walioingia toka benchi. FIFA iliweka kikomo cha sita kwa timu. Kikizidi, mechi inapoteza hadhi. Kama hujapata idadi hiyo, weka M usonge mbele, usiweke K kwa kubahatisha.

Ukihamia wachezaji wa kwetu, kuna moja la ziada. Kwenye Kombe la Chalenji la CECAFA, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, Tanzania Bara hucheza kama Kilimanjaro Stars na Zanzibar kama Zanzibar Heroes. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipokea Machi 2017 ikaitoa Julai mwaka uleule. Bao la Kilimanjaro Stars dhidi ya Heroes ni S, hata kama lilikuwa tamu kiasi gani.

Kila mstari uwe na vyanzo viwili visivyonakiliana. Tovuti mbili zenye kosa lilelile la dakika ni chanzo kimoja. Gazeti la siku iliyofuata ni zuri kwa mfungaji na matokeo, lakini dakika zake huzungushwa: 43, 44 na 45 hutegemea saa ya mwandishi. Vyanzo vikitofautiana dakika, andika zote mbili na alama ya mkwaju (/) katikati. Vikitofautiana mfungaji, mara nyingi mpira uligongwa na beki ukaingia. Ripoti ya waandaaji wa mechi ndiyo mwamuzi, si mtangazaji.

Sasa hakiki. Usijumlishe kutoka mwanzo hadi mwisho tu, jumlisha kwa mafungu. Fainali za AFCON za Eto'o: 4 mwaka 2000, 1 mwaka 2002, 1 mwaka 2004, 5 mwaka 2006, 5 mwaka 2008, 2 mwaka 2010. Hizo ni 18. Fungu la 2006 livunje tena: matatu kwa Angola, moja kwa Togo, moja kwa Kongo ya Kinshasa. La 2008: mawili kwa Misri, moja kwa Zambia, mawili kwa Sudan, hapo ndipo alipoivuka 14 ya Laurent Pokou. Fainali za Kombe la Dunia ni matatu: Saudia 2002, Denmark na Uholanzi 2010. Ongeza lile la Brazili. Yaliyobaki, zaidi ya 30, ni ya kufuzu na ya kirafiki, na kosa lako karibu kila mara litakuwa humo. Ukizidi 56, tafuta kwanza tarehe iliyojirudia. Ukipungukiwa, rudi kwenye za kirafiki.

Mafungu yote yakikubaliana, ndipo pitisha wino juu ya namba za penseli. Piga picha kila kurasa mbili, na ukienda banda la mpira Buzuruga au Igoma nenda na picha, daftari libaki nyumbani.