Kujifunza Kiitaliano cha Ngazi ya Kati Ukiwa Tanga
Mwanafunzi wa chuo aliyekwisha kuvuka masomo ya mwanzo ashike kwanza nyakati mbili zilizopita, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukwama: "ho letto" ni tendo lililokamilika, nilisoma, ilhali "leggevo" ni hali iliyoendelea au mazoea, nilikuwa nikisoma. Kila jioni andika aya moja, tuseme kuhusu soko la Ngamiani, ukizitumia zote mbili. Isome kwa sauti na ukaze konsonanti maradufu, maana "casa" ni nyumba na "cassa" ni sanduku.

Katika utamaduni, anza na lahaja. Kiitaliano sanifu kilitokana na Kitoskana cha Florence, jambo ambalo msemaji wa Kimtang'ata, lahaja ya Kiswahili ya pwani ya Tanga, ajuaye kuwa Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, atalielewa upesi.