Sindano ya maumivu haifungui utumbo wa punda

Jamani wenye punda na farasi, hii tabia ya mnyama kuumwa tumbo, unamdunga sindano ya maumivu saa mbili usiku, ikiisha nguvu unadunga tena, halafu asubuhi ndio unampigia daktari, inatumalizia wanyama.

Dawa ya agroveti inanyamazisha maumivu, basi. Kama ni gesi, sawa, moja inatosha na mnyama anarudi kula. Lakini utumbo ukijisokota damu haifiki, baada ya saa tatu nne ngozi ya ndani imeshaanza kufa na sumu inaingia mwilini, na wewe umekaa hapo unasema anaendelea vizuri kwa kuwa ameacha kujigaragaza. Akiacha ghafla huku anatoka jasho la baridi, pengine utumbo umeshapasuka! Punda ndio anadanganya zaidi, mara nyingi hajigaragazi kabisa, anasimama tu kichwa chini amekataa majani, mnasema amechoka na mkokoteni. Punda kukataa kula ni dharura, akikaa na njaa siku moja mbili mafuta yanajaa kwenye damu na ini linaharibika hata kama tumbo limepona.

Kwa hiyo KABLA ya sindano hesabu moyo. Tafuta mshipa unaopita chini ya taya, hesabu sekunde 30 zidisha kwa 2, sio unahesabu sekunde tano halafu unakisia. Farasi mzima aliyetulia ni 28 hadi 44 kwa dakika, punda 36 hadi 52. Ukipata zaidi ya 60 na mnyama hajatoka kazini, piga simu hapohapo. Bonyeza ufizi uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Andika kwenye simu namba, saa, na mara ya mwisho alikunya lini, kisha rudia kila dakika 30. Daktari akifika ukimwambia "tangu jana jana hivi" umempotezea muda.

Flunixin, hiyo dawa ya maumivu, ni miligramu 1.1 kwa kilo moja ya uzito wa mnyama, punda wa kilo 150 ni miligramu 165, na inaingia kwenye mshipa, sio kwenye paja, kwa hiyo mwachie anayejua. Maumivu yakirudi ndani ya saa mbili, usiongeze nyingine, huyo anaelekea kwenye kisu cha upasuaji. Na acheni kunywesha mafuta kwa chupa, yanaishia mapafuni. Hawa wanyama hawatapiki, daktari ndiye anapitisha mpira puani mpaka tumboni, na kwa farasi yakirudi maji zaidi ya lita 2 anashuku utumbo mdogo umeziba. Ataingiza mkono nyuma apapase, atachoma chini ya tumbo avute maji kidogo: ya njano maangavu tunashukuru, yakiwa mekundu kuna utumbo unakufa.

Upasuaji wenyewe analazwa chali kwa dawa ya usingizi, anapasuliwa katikati ya tumbo. Kama utumbo mpana umekwama kwa mchanga au plastiki (mifuko ilipigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017 lakini kamba za nailoni jalalani bado punda wanazitafuna), unatobolewa, unasafishwa kwa maji mengi, unashonwa. Kipande kilichokufa kinakatwa na ncha zinaunganishwa. Aliyeletwa mapema ana nafasi nzuri, aliyeletwa kesho yake mara nyingi daktari anashauri tu asiendelee kuteseka. Hospitali zenye meza ya kupasulia farasi ni chache sana, kwa hiyo namba, bei na pikapu ya kumbeba ulizia leo punda akiwa mzima.

Akinya na kudai chakula, mambo mazuri. Baada ya hapo siku 30 zizini, 30 kwenye kiwanja kidogo, 30 nyingine akitembea huru bila kazi, na sitaki kusikia umemfunga mkokoteni wiki ya tatu eti shule zimefunguliwa na karo haijatimia, nyuzi zikiachia huna punda na huna karo.