Entebbe mpaka Guangzhou: jinsi ya kujua utakaa njiani masaa mangapi kweli

Shangazi yangu anauza viatu Kikuubo, soko la Kampala, juzi kanitumia picha ya tiketi yake ya Guangzhou, China, na swali moja tu: "mbona masaa 22, hiyo ndege inazunguka wapi?" Nikamwambia shangazi hayo sio 22, ni 17, ngoja nikuonyeshe.

Anza na umbali. Fungua Google Maps kwenye simu, bonyeza Entebbe ushikilie mpaka pini itokee, gusa palipoandikwa pima umbali, halafu sogeza ramani mpaka Guangzhou. Utaona kama kilomita 9,070, lakini huo ni mstari ulionyooka na wengi wetu tunapitia Addis Ababa au Dubai, kwa hiyo pima vipande viwili viwili. Entebbe-Addis ni kama 1,220, Addis-Guangzhou 8,040, jumla 9,260. Kwa Dubai ni 3,730 na 5,830, jumla 9,560. Yaani tofauti ni kilomita 300 tu, angani hata nusu saa haifiki, so usiumize kichwa na njia, angalia utakaa transiti, yaani kusubiri ndege ya pili, masaa mangapi, hapo ndo watu wanaumia.

Sasa muda. Chukua kalkuleta, gawa kila kipande kwa 850 (ndege kubwa inakwenda karibu na hapo kwa saa), ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Addis inakuja masaa 2, Guangzhou 10. Jumla 12 hewani.

Ile 22 ya shangazi ilitoka wapi? Tiketi inaandika saa za mahali ulipo. Yake anaondoka Entebbe 17:00, anafika Addis 19:00, anakaa masaa 5, anaruka 00:00, anatua 15:00 kesho yake, ila hiyo 15:00 ni ya China na China wako mbele yetu masaa 5. Toa hayo 5 kwenye ile 22, unabaki na 17.

Na hiyo 00 ichunge sana. Sisi saa sita na nusu usiku wa Jumatatu tunaiita bado Jumatatu usiku, tiketi inaandika 00:30 Jumanne. Ukienda Jumanne jioni na mabegi yako ndege imeshafika mbali.

Safari ya kwenda uwanja wa Entebbe usiipime kwa kilomita kabisa, kutoka Kampala ni kama 40 tu lakini jamu ya jioni inaweza kula masaa mengi kuliko ndege ya Addis.

Kurudi geuza hesabu, yaani ongeza 5 badala ya kutoa, na weka kama saa moja zaidi hewani maana huko juu upepo unavuma kuelekea mashariki, ukienda unakusukuma, ukirudi unakukaba. Shangazi kuona ya kurudi imeandikwa kama masaa 12 akafurahi kweli, sijamwambia bado.