Kashfa ikiingia timu ya chuo, mpime hivi mkurugenzi wa michezo

Nachezesha mechi za vyuo hapa Dodoma, na kashfa ninayokutana nayo zaidi ni mamluki: kijana wa mtaani Chang'ombe kavaa jezi ya chuo, kitambulisho kina sura ya mtu mwingine. Watu humshukia kocha. Mimi namwangalia mkurugenzi wa michezo.

Anza na hili: alijua lini, na baada ya kujua alifanya nini? Dai tarehe. Barua iliyogongwa muhuri masjala ina uzito. "Tulishaongea naye" haina. Pale Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, mwaka 2001 mkurugenzi Tim Curley alifikishiwa taarifa kuhusu Jerry Sandusky, kocha msaidizi mstaafu, na mtoto katika bafu la timu. Polisi hawakuambiwa. Sandusky alikamatwa 2011 kwa mashtaka ya kuwadhulumu watoto kingono, na 2017 Curley akakiri mahakamani kosa la kuhatarisha ustawi wa watoto. Kwa hiyo tazama kama bosi anajua kutenganisha mambo: mamluki ni wa kamati ya nidhamu, mtoto kudhuriwa ni la polisi, tena leo hii.

Kisha angalia nani kaadhibiwa. Wachezaji wakifukuzwa huku aliyesaini fomu za usajili anaendelea kula posho, jibu unalo. Akijiuzulu haraka usimpigie makofi bado, ulizia ripoti. Makombe yasikubabaishe.

Halafu zungumza na mtunza vifaa. Yule huona kila kitu, na kamati nyingi hazimwiti.